Land Cruiser 80: uji mweusi ndani ya rimu ya mbele

Kaka, umeuliza kama uji mweusi unaochuruzika ndani ya rimu ya mbele ya Land Cruiser 80 yako ni mafuta ya breki. Siyo. Sili (pete ya mpira inayozuia oili) ya ndani ya ekseli imechoka, oili ya difu, yaani lile boksi la gia kwenye ekseli, inaingia kwenye tufe la chuma lililo mwisho wa ekseli, nyuma ya gurudumu, na kuifanya grisi iliyomo iwe majimaji. Kabla hujanunua spea, chomoa kipumulio cha difu, kile kitundu cha kutolea hewa, ukipulize. Kikiwa kimeziba, difu ikipata moto presha inasukuma oili nje, na hata sili mpya itavuja.

Ukishafungua pale kwenye tufe, badilisha sili kulia na kushoto, pamoja na zile za nje zinazofuta tufe. Osha kila kitu kwa dizeli, kausha, kisha pakia grisi ya molibdenamu. Pitisha kucha kwenye shafti pale sili inapokaa. Ukihisi mfereji, sili mpya haitadumu. Shimu, yaani vile vibati vyembamba vya beringi za juu na chini ya tufe, zirudi palepale zilipotoka, mafundi wengi huzichanganya. Pedi za breki zilizolowa oili tupa.

Difu inataka oili ya gia ya daraja GL-5, uzito 80W-90; jaza mpaka ianze kutiririka kwenye tundu la kujazia. Na ulegeze nati ya kujazia kwanza kabla ya kumwaga oili ya zamani: nati hiyo ikigoma baadaye, difu itabaki bila oili na gari halitoki hapo.