Koki inayodondosha maji haiponi kwa kukazwa

SWALI: Koki ya sinki la bafuni kwangu inadondosha maji mdomoni usiku na mchana. Nikiikaza kwa nguvu inatulia siku mbili tatu, kisha inaanza tena. Fundi ameizungushia tepu nyeupe mara mbili bila mafanikio, na sasa anasema ninunue koki mpya. Je, ni lazima? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Si lazima, na ninakuomba uache kuikaza kuanzia leo. Koki ya kuzungusha hufunga maji kwa kipande kidogo cha mpira, yaani washa, kinachokalia ukingo wa shaba ndani yake. Mpira huo ukichakaa, kila unapokaza unaupondaponda zaidi, hadi chuma kilichoushikilia kinaanza kusaga ule ukingo wenyewe, na hapo kazi ya kubadilisha washa ya bei ndogo inageuka kuwa ya kununua koki.

Kuhusu tepu, kazi yake ni kuziba mianya ya meno pale bomba linapoungana na bomba jingine. Maji yanayotoka mdomoni hayapiti huko kabisa, kwa hiyo hata angezungusha tepu yote ya dukani, koki ingeendelea kudondosha.

Funga maji yanayoingia kwenye sinki, fungua koki yaliyobaki yaishe, na uzibe tundu la sinki kwa kitambaa ili skrubu isitumbukie. Ondoa mpini, kisha ufungue kichwa cha koki kwa spana. Ukikuta washa ina mfereji wa mviringo katikati, au imekuwa ngumu na kupasuka, umempata mhusika. Kabla ya kuweka mpya, pitisha kidole kwenye ule ukingo wa shaba. Wanaotumia maji ya kisima mara nyingi hukuta chumvi imegandamana hapo, nayo hulainika kwa kitambaa kilicholowekwa siki. Lakini ukingo ukiwa na mikwaruzo unayoihisi kwa ukucha, washa mpya itachakaa upesi, na itabidi ukingo usawazishwe kwa kusagwa na fundi au koki ibadilishwe kweli. Koki za kufungwa kwa robo mzunguko hazina washa hiyo. Nyingi zina sahani mbili za kauri, na hubadilishwa kichwa kizima, kwa hiyo nenda dukani na cha zamani mkononi.

Linaloniudhi zaidi ni mafundi wanaotibu wasichokifungua. Wapo wanaokata washa kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli, na wapo wanaopaka silikoni kuzunguka shina la koki ili maji yasionekane, ilhali yanaendelea kuteremka taratibu hadi kwenye kabati au ukutani. Kabla hujamlipa fundi yeyote, mwambie akuonyeshe kipande kibovu alichokitoa na akueleze kimeharibika wapi. Asiyekuwa nacho hajatengeneza koki yako.