Kusali Mwili Unapochoshwa na Tiba ya Saratani

Mgonjwa wa saratani anayemtegemea Mungu halazimiki kusali sala ndefu wala za kishujaa. Nasema hivyo kwa sababu wakati wa tibakemikali ya saratani ya titi, nilipokuwa na kichefuchefu na uchovu usioondolewa na usingizi, zaburi zilizonibeba hazikuwa za kushangilia bali za kulalamika. Zaburi ya 13 inaanza kwa kumuuliza Mungu atamsahau mja wake hata lini, na ya 88 inaishia gizani bila neno la faraja. Kama maombi hayo yamo katika Maandiko, basi nasi tumeruhusiwa kuyaomba bila kuogopa kwamba tunakufuru. Chagua mistari michache, uikariri ungali na nguvu, ili siku usiyoweza kushika Biblia uwe nayo moyoni. Kwenye mionzi, niliyoipata katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, mgonjwa hulala peke yake chumbani bila kutikisika wakati mashine ikifanya kazi. Zaburi ya 121 ina mistari 8 tu, nami niliisema taratibu humo, nikirudia pale nilipoishia kila woga uliponikatiza.

Wapo watakaokuambia kwamba kuendelea na dawa ni kukosa imani. Usiwasikilize. Mfalme Hezekia alipougua alimlilia Bwana, akaongezewa miaka 15; lakini Isaya huyohuyo aliyemletea habari hiyo njema aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Wengi wetu tunakumbuka pia mwaka 2011, maelfu walipomiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba iliyosemekana kuponya magonjwa sugu, na baadhi yao wakaacha dawa za hospitali. Sioni kwa nini Mungu aliyempa daktari akili akasirike akili hiyo inapotumika.

Kuna mambo ya ibada yanayohitaji busara, ingawa mimbarini hayasemwi sana. Usifunge bila kuzungumza na daktari, kwa kuwa mwili unaopokea tibakemikali unahitaji chakula na maji, na mchungaji mwenye hekima atakuelewa. Ngozi inayopigwa mionzi haipakwi mafuta bila ruhusa ya wauguzi, hata yakiwa yameombewa. Yakobo, anapoagiza wazee wa kanisa wampake mgonjwa mafuta, hasemi wampake wapi, kwa hiyo paji la uso linatosha. Tena, kwa kuwa tibakemikali hupunguza chembe nyeupe za damu, ibada yenye umati inaweza kukuletea maambukizi. Waombe wanajumuiya waje wawili watatu, wasio na mafua, na mchungaji akuletee Meza ya Bwana nyumbani. Wageni niliowafurahia zaidi ni wale walioimba wimbo mmoja, wakanifulia nguo, wakaaga kabla sijachoka. Na homa ikikushika, hata katikati ya maombi, nenda hospitali mara moja. Wenzako wataendelea kuomba mkiwa njiani.