Shangazi hajauza kichwa, na kwanini wanautaka ubongo wa mtu asiyeumwa

Mkuu nimesoma swali lako, shangazi yuko Marekani, mzima kabisa, kasaini akifa ubongo wake uende benki ya ubongo (wanapotunza ubongo wa marehemu kwa ajili ya utafiti), na wazee huko Kongwa wanasema kauza kichwa. Kwanza tulia, hakuna hela anayolipwa. Mimi nipo maabara ya patholojia hapa Dodoma, tunapochunguza viungo kujua ugonjwa, benki ya hivyo hatuna ila ubongo nimeushika sana.

Unauliza wanamtaka wa nini wakati haumwi. Aisee wazima ndo hawapatikani! Mgonjwa ndugu zake wanajitolea wapate majibu, mzee mwenye akili timamu nani anamfikiria, sasa bila wa kulinganisha naye utajuaje huu ni ugonjwa na huu ni uzee tu? Mtafiti David Snowdon hukohuko Marekani alifuatilia masista 678 wa miaka 75 kwenda juu, wakakubali kupimwa kumbukumbu wakiwa hai na kuacha ubongo wakifa. Mmoja wao, Sista Mary, alifariki na miaka 101, mitihani anafaulu vizuri tu, kuja kuangalia ubongo umejaa uchafu uleule wa Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Ndo maana vipimo vya kumbukumbu akiwa hai vina thamani sawa na ubongo wenyewe, shangazi asivikimbie.

Ngozi inachanwa kwa nyuma, sikio hadi sikio, inashonwa, mkiaga hamuoni kitu. Ubongo mbichi ni laini kama maziwa mgando, ukiuweka chini unabonyea, kwahiyo tunapitisha uzi kwenye mshipa wa chini yake tunauning'iniza kwenye ndoo ya formalini (dawa ya kuhifadhi isioze) wiki mbili hivi ukaze (macho yanawasha usipime). Benki mara nyingi nusu inaenda formalini, nusu inagandishwa kwenye nyuzi hasi 80. Wengine kabla ya kukata wanaupiga MRI (picha za ndani kwa mashine ya sumaku), na hapo marehemu hapumui wala hatikisiki, mashine inapiga masaa na masaa, mtu hai angeshajikuna, halafu doa lililoonekana kwenye picha wanalikata palepale wakaliangalie kwa darubini.

Shida ni muda tu. Benki nyingi zinautaka ubongo ndani ya masaa 24 toka mtu afariki, na sisi huku tunajijua, mpaka wa Mwanza na wa Dar wafike ndo kikao kianze. Kwahiyo namba ya kupiga awe nayo anayeishi na shangazi hukohuko. Mwili unarudishwa kwa familia, mkitaka kumzika Kongwa mnamleta.