Bei ya lenzi na mambo ya kodi

Yakhe, unauliza kwanini lenzi ileile ya kamera Marekani inaonekana rahisi kuliko Uingereza, sehemu kubwa ni kodi tu. Marekani bei inaandikwa bila ya kodi, inaongezwa unapolipa kwa mujibu wa jimbo, jimbo la Oregon kodi hiyo haipo kabisa, lakini Uingereza VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 20 ishatiwa humo humo kwenye bei unayoiona, kwa hivo usilinganishe namba hivihivi, toa kodi kwanza ndo upige hesabu. Dubai ndo panapotufaa sisi, VAT asilimia 5 tu na mtalii anarejeshewa sehemu kubwa uwanja wa ndege, ila uthibitishe manunuzi yako kabla hujakabidhi begi (hapa wengi wanasahau). London usitegemee, kurejeshewa kule kumefutwa tangu 2021.

Sasa ikifika Unguja, forodha hawaangalii bei ya lenzi peke yake, wanajumlisha na gharama nyingine kama bima, wanatia ushuru, halafu VAT juu ya jumla yote. Hapo ndo panapouma, ile rahisi ya kule inaweza kukufikia bei moja na ya Darajani (sokoni hapa Unguja), na ya Darajani angalau unaijaribu kabla hujalipa.