Wadai Wangu Nimewalipa: Je, Amri ya Ufilisi Itatenguliwa?

SWALI: Ndugu Mshauri, Mahakama Kuu ilinitangaza mufilisi kwa sababu ya madeni ya duka langu la vifaa vya ujenzi. Kwa fedha za ufuta na korosho walizonichangia ndugu zangu, nimewalipa wadai wote isipokuwa wawili: mmoja alipokea nusu akanisamehe iliyobaki, na mwingine amehama, hajulikani aliko. Naweza kuomba amri hiyo itenguliwe? Kiwanja changu alichokiuza mfilisi, yaani msimamizi wa mali zangu aliyewekwa kisheria, je, nitarudishiwa? – Msomaji, Lindi.

JIBU: Ndugu yangu, unaweza kuomba, lakini bado hujakamilisha. Sheria ya Ufilisi, Sura ya 25, inairuhusu mahakama kutengua amri iwapo mdaiwa hakustahili kutangazwa mufilisi tangu mwanzo, au iwapo itathibitika kwamba madeni yake yamelipwa yote. Wewe unategemea sababu ya pili, na hapo huyo aliyekusamehe ndiye kikwazo. Sheria yetu ilifuata ile ya Uingereza, ambako iliamuliwa mwaka 1905 kwamba deni lililosamehewa si deni lililolipwa. Najua ni vigumu kumrudia mtu aliyekwisha kukuhurumia, hata hivyo nakusihi umpelekee nusu iliyobaki, akuandikie stakabadhi yenye tarehe, kiasi na saini yake. Aliyehama asikukatishe tamaa, kwani fedha zake zikiwekwa mahakamani deni huhesabiwa kuwa limelipwa.

Ombi, pamoja na hati ya kiapo na stakabadhi zote, lipeleke masjala ya Mahakama Kuu inayohudumia mkoa wa Lindi, na mfilisi apewe nakala. Tafuta wakili mapema, kwa kuwa hata baada ya malipo yote jaji ana hiari ya kukubali au kukataa, naye atataka kujua mwenendo wako katika kipindi chote cha ufilisi. Akikataa, bado unaweza kuomba kuondolewa katika ufilisi, ingawa hatua hiyo haifuti amri ya awali.

Kuhusu kiwanja, nasikitika kukuambia kwamba mauzo yaliyofanywa na mfilisi kwa mujibu wa sheria hubaki halali hata amri ikitenguliwa, hivyo usimsumbue mnunuzi. Mali ambayo haijauzwa ndiyo itakayorudi kwako, isipokuwa mahakama ikielekeza vinginevyo. Amri ya kutengua hutangazwa katika Gazeti la Serikali. Tunza nakala yake, kwa sababu utaihitaji benki siku utakapotaka mkopo.