Maswali ya Wasomaji: Mitihani imekwisha, mikono ianze kazi

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka shuleni. P.7 (darasa la saba la shule ya msingi hapa Uganda) walimaliza mtihani wao mapema Novemba, madarasa mengine yanamalizia ya kwao, na kabla ya shule kufungwa zinabaki wiki moja au mbili ambazo walimu wanasahihisha na watoto wanazurura uwanjani. Tumechagua barua tano.

Nina wanafunzi 62 wa P.5. Nataka kila mmoja atengeneze bangili ya shanga za karatasi ampe mzazi wake siku ya kufunga. Tulijaribu wiki iliyopita: shanga nyingine zilifunguka, nyingine zilitokeza upande mmoja kama pia ya kuchezea. Na sijui nitafute karatasi ngapi. — Mwalimu, Tororo

Tuanze na hesabu, Mwalimu, maana hapo ndipo wengi hukwama siku ya pili. Karatasi moja ya kalenda yenye ukubwa wa A4 hutoa pembetatu 20. Isimamishe. Ukingo wa juu weka alama kila sentimita 2 kuanzia pembeni kabisa; ukingo wa chini anzia sentimita 1 kutoka pembeni, kisha kila sentimita 2. Unganisha alama za juu na za chini kwa mistari ya kwenda na kurudi. Utapata pembetatu ndefu zenye kitako cha sentimita 2 na urefu wa karibu sentimita 30. Vile vipande viwili vya pembeni ni nusu, viache.

Bangili ya mkono wa mtu mzima inakula shanga nane za sentimita 2, na kati yake vishanga vidogo vya dukani. Wanafunzi 62 mara nane ni shanga 496, yaani karatasi 25 kama hakuna kitakachoharibika. Vitaharibika. Tenga 35.

Sasa hizo shanga zinazofunguka. Sababu ni mbili, na kwa kawaida zinakuja pamoja: mtoto anaanza kuviringisha kwa ulegevu, halafu anapaka gundi kwenye ncha tu. Mzunguko wa kwanza na wa pili ndio unaoamua. Tumia spoku ya baiskeli au njiti ngumu ya ufagio, bana kitako cha pembetatu juu yake kwa vidole gumba, na usiendelee mpaka karatasi imelala sawasawa bila upenyo. Gundi nyeupe ianze kupakwa sentimita 3 hivi kutoka kwenye kitako, utando mwembamba hadi nchani. Ukianza kupaka kwenye kitako chenyewe, shanga inagandia spoku na haitoki bila kuchanika. Ukipaka nyingi, karatasi inalowa na kujikunja. Kidole kilichochovywa kidogo kinatosha kuliko brashi.

Kutokeza upande kunatoka kwenye kukata. Ncha ya pembetatu isipokuwa katikati ya kitako, kila mzunguko unasogea upande uleule. Mistari ikiwa imenyooka na tatizo bado lipo, basi mtoto anavuta karatasi kwa mshazari. Mwambie atazame nafasi inayobaki kushoto na kulia kila anapozungusha: ziwe sawa, na zipungue pamoja.

Epuka magazeti. Karatasi yake inanyonya vanishi mpaka wino wa upande wa pili unaonekana, na shanga inatoka ya kijivu. Kalenda na majalada ya majarida yana rangi nzuri, ila ni magumu kidogo kuviringisha; ukiyapitisha kwanza kwenye ukingo wa meza, kama unayapiga pasi, yanatii.

Vanishi ni kazi yako, si ya watoto, na ifanyike nje penye upepo. Tunga shanga kwenye waya mwembamba bila kugusana, paka mkono wa kwanza, acha usiku mzima, paka wa pili. Ukiharakisha mkono wa pili juu ya wa kwanza ambao haujakauka, zitabaki zinanata hata siku ya wazazi. Kwa hiyo hesabu siku nne: kukata, kuviringisha, vanishi mara mbili, kutunga. Tatu hazitoshi.

Jambo moja ambalo hukuuliza. Usiwapange kwa mstari, hawa wakate, hawa waviringishe, hawa watunge. Kazi itakwenda mbio, lakini atakayekwenda nyumbani na bangili hatakuwa na la kumweleza mama yake. Kukata tu ndiko kunakofaa kugawana, kwa sababu mikasi haitoshi.

Shule yetu haina fungu la vifaa hata shilingi moja. Tuna madaftari yaliyoisha mwaka na gundi kidogo. Kuna cha kufanya na P.3? — Mwalimu, Jinja

Kipo, nacho ni daftari la likizo. Karibu kila daftari la mwisho wa mwaka lina kurasa tupu nyuma. Toa pini za katikati kwa ncha ya kijiko (wewe utoe, zinachoma vidole), kisha kusanya zile karatasi pana ambazo pande zote mbili ni tupu. Karatasi 12 zikikunjwa katikati zinatoa kurasa 48, zinatosha mtoto kuchora na kuandika hadi Februari. Ukizidisha 16, sindano haipenyi na mgongo unavimba.

Jalada ni boksi jembamba, kama la dawa ya meno au la sabuni, yaliyofunguliwa na kuunganishwa, au boksi moja kubwa la biskuti. Kabla ya kulikunja, pitisha mgongo wa mkasi kando ya rula pale pa mkunjo, la sivyo linavunjika kwa nyufa.

Toboa matundu matatu kwenye mkunjo, karatasi na jalada pamoja: sentimita 3 kutoka juu, katikati, na sentimita 3 kutoka chini. Tumia msumari mwembamba juu ya kandambili kuukuu. Uzi uwe mara tatu ya urefu wa daftari, yaani kama sentimita 60. Ingiza sindano tundu la katikati kutoka ndani kwenda nje, ukiacha mkia wa kidole kimoja. Panda nje hadi tundu la juu, ingia ndani. Shuka ndani moja kwa moja hadi tundu la chini ukilipita la katikati, toka nje. Rudi katikati, ingia ndani. Sasa una ncha mbili na uzi mrefu uliopita kati yake: hakikisha ncha moja iko kila upande wa uzi huo, vuta, funga fundo juu yake. Ncha zote mbili zikibaki upande mmoja, mshono unalegea siku hiyohiyo. Ndilo kosa linalojirudia zaidi kwa watoto wadogo, na kuliona ni rahisi ukipita dawati kwa dawati kabla ya fundo.

S.1 wetu (kidato cha kwanza) walitengeneza saa ya jua kwa kufuata mchoro wa kitabu cha Uingereza, wenye kibao cha pembetatu kilichosimama katikati. Kivuli hakifuati mistari hata kidogo, na tulipojaribu kurekebisha bado iko nyuma ya simu kwa zaidi ya nusu saa. Tumekosea wapi? — Mwalimu wa sayansi, Masaka

Hamjakosea kutengeneza, mmetengeneza saa ya London. Kile kibao kinainama kwa kipimo cha latitudo ya mahali, na London ni karibu digrii 51. Ninyi mko chini kidogo tu ya Ikweta, ile mnayoivuka pale Kayabwe mkienda Kampala. Huku kibao hicho kingelazwa chini kabisa. Bahati ni kwamba kwetu saa ya jua ni nyepesi kuliko ya Wazungu.

Tafuteni kipande cha paipu ya plastiki ya inchi 4, urefu sentimita 30, na mkipasue kwa msumeno kiwe mifereji miwili. Kila mfereji unatoa saa ya jua moja. Funga kijiti kimoja kila mwisho, kikikingama kutoka ukingo hadi ukingo, kisha vuta uzi wa nailoni kutoka katikati ya kijiti kimoja hadi katikati ya kingine. Uzi lazima uwe usawa wa kingo, maana hapo ndipo ulipo moyo wa duara. Ukishuka hata nusu sentimita, saa za asubuhi zitakuwa pana na za mchana nyembamba.

Alama hazihitaji vipimo. Kata ukanda wa karatasi unaotoka ukingo hadi ukingo ukifuata tumbo la ndani. Ukunje nusu, nusu tena, halafu theluthi. Mikunjo imekupa sehemu 12 sawa, kila moja saa nzima. Ubandike ndani.

Laza mfereji tumbo chini, uzi ukielekea kaskazini na kusini, juu ya meza iliyo sawa. Maji kidogo kwenye sahani yatakuambia kama iko sawa. Dira ya simu inafaa ukiwa mbali na mabati na madawati ya chuma. Na hapa kwenye kuandika namba wengi hugeuza: jua la asubuhi liko mashariki, kwa hiyo kivuli cha uzi kinaangukia upande wa magharibi. Ukingo wa magharibi ni saa kumi na mbili asubuhi, tumboni kabisa ni saa sita, ukingo wa mashariki ni saa kumi na mbili jioni.

Walio kaskazini wanyanyue kidogo mwisho wa kaskazini. Gulu, kwa paipu ya sentimita 30, ni sentimita moja na nusu. Masaka, Kampala na Kasese hakuna haja.

Tukija kwenye ule ucheleweshaji: huo si ubovu. Saa za simu zetu zinafuata mstari wa digrii 45 mashariki, ambao uko mashariki kabisa ya Uganda, na kila digrii moja kuelekea magharibi ni dakika 4. Jua halina habari na mpango huo. Wiki ya mwisho ya Novemba linafika katikati ya anga ya Mbale karibu saa sita na dakika 31, Kampala dakika 37, kwenu Masaka dakika 41, Kasese dakika 47. Waacheni wanafunzi wagundue tofauti wenyewe: wasome saa ya jua na simu kila baada ya nusu saa kwa siku moja, waandike safu mbili, watoe. Tofauti ikiwa ileile kutwa, saa yao ni nzuri. Ikiwa inakua au kupungua, uzi haujakaa katikati au mfereji haujaelekea kaskazini.

Na msiitupe. Mwendo wa dunia kuzunguka jua hauko sawa mwaka mzima, hivyo mkirudi katikati ya Februari mtaikuta imeachwa na simu dakika 26 zaidi ya Novemba. Huo ni mradi mwingine mzima wa S.2, bila kununua chochote.

Mwanangu wa P.2 ameambiwa apeleke mpira wa maganda ya mgomba kwa michezo ya siku ya mwisho. Niliomfungia umefumuka kabla hajafika shuleni. — Mama wa Kasese

Pole, Mama. Ulichuma maganda mchana, sivyo? Maganda makavu ya mgomba huchumwa alfajiri, umande ukiwa bado umeyalainisha. Kukishakuwa na jua yanakatika. Ukichelewa, yanyunyizie maji na kuyafunika kwa gunia kwa nusu saa. Usiyaloweke: yaliyojaa maji yamevimba, na yakikauka yanasinyaa ndani ya mafundo, mpira unalegea.

Kiini kiwe majani makavu yaliyofinyangwa na kufungwa kwenye kitambaa, ukubwa wa ngumi mbili. Kavera (mfuko wa plastiki) tupu inadunda vizuri lakini inateleza ndani ya maganda. Zungushia maganda mapana, kila tabaka likikata lililotangulia, hadi upana wa sentimita 15. Kisha sokota kamba ya nyuzi mbili, meta 10 hivi, uifunge kama wavu: mizunguko ya wima kwanza, halafu ya kulala, na kila inapokutana na ya wima ipigwe fundo. Kuzungusha tu bila fundo ndiko kunakofumua mpira. Kamba moja ikikatika, nyingine zote zinafuata.

Tunataka P.6 wapike sabuni ya mche kwa magadi ya kosti (soda kali ya kutengenezea sabuni). Tupeni vipimo. — Kamati ya wazazi, Arua

Vipimo hatutoi. Kosti inaunguza ngozi na kupofusha macho, na darasa la watoto 70 halina glavu 70 wala miwani. Ikiwa fundi mwenye uzoefu atakuja kuonyesha, watoto wakae mbali, yeye amimine kosti kwenye maji, kamwe asimimine maji kwenye kosti, maana inachemka ghafla na kuruka. Watoto wapewe kazi ya kukata miche iliyokwisha kukaa wiki nne hadi sita na kuifunga kwa karatasi waliyoichora wenyewe.