Mwanangu golikipa na mvua haikatiki, nimuachishe mpira?

SWALI: Shikamoo Anko. Tuko Portland, Oregon, tulitokea kambi ya Nyarugusu kule Kigoma. Mwanangu ana miaka 11, ni golikipa wa timu ya mtaani, sasa tangu Oktoba iingie ni mvua tu, na si ile ya kwetu inayomwagika ikakata, hii inanyunyiza kutwa nzima na baridi juu yake, kocha wala haahirishi mazoezi, mtoto anarudi kaloa chapachapa vidole vimekufa ganzi. Mama mkwe anasema atapata nimonia, baba yake anasema muache akomae. Nimsikilize nani?
Mama Golikipa

JIBU: Marahaba mama. Bibi mwambie kwa adabu zote kwamba mafua na nimonia huletwa na vijidudu, mtoto hapati kwa kunyeshewa tu. Ila baba nae asishangilie, manake nguo zilizoloa zikikutana na upepo mwili unapoteza joto haraka mno, hata nyuzi 7 au 8 za Selsiasi zinatosha, si lazima theluji ianguke.

Na anayeteseka zaidi kwenye timu ni huyo wako. Wenzie wanakimbia, yeye kasimama golini anasubiri mpira uje, ukija anajirusha kwenye tope, kisha anasimama tena. Ongea na kocha, taratibu, si kwa kufoka: muombe wabadilishane golini, na zamu yake ikiisha akimbie na wenzie. Kumuachisha mi sioni haja.

Nguo ndo penyewe. Tisheti ya pamba iache nyumbani, inafyonza maji inakaa nayo. Mvalishe fulana ya poliesta ya mikono mirefu inayobana, jezi juu, taiti ndani ya bukta, soksi nazo zisiwe za pamba. Usijibane kutafuta za bei mbaya, pitia Goodwill au duka lolote la mitumba. Glavu awe na jozi mbili kama mfuko unaruhusu. Kisha taulo na nguo kavu kwenye mfuko wa plastiki, filimbi ya mwisho ikilia tu abadilishe hapohapo, asisubiri kufika nyumbani, hasa kama mnapanda basi.

Kutetemeka kidogo kwa kawaida akiingia ndani kunaisha. Ila ukiona ulimi mzito, anajikwaakwaa, kalegea anataka kulala, au alikuwa anatetemeka sana ghafla kaacha na bado wa baridi, hapo mama usibishane na mtu, muingize ndani, mvue nguo mbichi, mfunike blanketi kavu, piga 911. Kama ana pumu kocha ajue mapema, baridi inaiamsha. Radi ikisikika wote watoke, wasirudi mpaka zipite dakika 30 tangu mngurumo wa mwisho.

Halafu Jumapili ya kwanza ya Novemba huko kwenu saa zinarudishwa nyuma kwa saa moja, saa 11 jioni giza limeingia, kwahiyo timu nyingi huhamia uwanja wa taa wenye nyasi bandia. Ulizia mapema kama njumu zake zinaruhusiwa huko, zile za meno ya chuma wengi hawazitaki. Na zikiloa usiziweke juu ya hita, gundi itaachia, zijaze magazeti ya zamani, ubadilishe yakishiba maji, asubuhi atazivaa.